Dawa ya Kusukutua Iliyoniibia Chumvi

Wakuu, niliwahi kuharibu supu ya wageni kumi kwa dawa ya kusukutua mdomo. Na sikuitia hata tone kwenye sufuria.

Mimi ni Herman, mpishi wa Magomeni, Kilosa. Niliitwa majaribio kwenye hoteli moja ya watalii Mikumi. Mkataba wa kudumu, bima juu. Nafasi hiyo nimeililia miaka minne.

Tatizo langu lilikuwa moja. Nikiongea na mtu, anarudi nyuma. Nikajua tu, mdomo unanuka.

Nikaenda duka la dawa kwa Magreti.

"Hii ina klorheksidini, inaua bakteria," akasema. "Asubuhi na jioni, wiki moja tu. Ukizidisha, meno yanabadilika rangi, na hata ladha..."

"Najua, dada!"

Mimi tena? Nilishasoma mtandaoni. Alkoholi ndiyo inayochoma, mentoli inaleta ubaridi, floraidi inaimarisha meno. Profesa kamili, nimekosa cheti tu.

Nikasukutua mara sita kwa siku, wiki tatu.

Siku ya majaribio meno yalikuwa ya kahawia, lakini mdomo unanukia mnanaa. Nikaonja supu. Chumvi hakuna. Nikaongeza. Bado. Nikatia kiganja kizima.

Joyce, msaidizi wa jikoni, akaonja. Macho yakamtoka.

"Kaka Herman, chumvi..."

"Subiri kwanza. Unajua kazi ya mentoli?"

"Kaka, hii chumvi..."

"Sasa njoo kwenye floraidi!"

Alijaribu mara tatu, akarudi nyuma, akachoka. Nikamwamuru apeleke supu ya wageni ikaonjwe.

Mama Anastazia, mpishi mkuu, alionja kijiko kimoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapa unapikia watu, au unakausha samaki?"

Nikaeleza yote, na harufu ya mdomo nikaitaja.

Joyce akaangua kicheko. "Harufu ipi? Unanukia mnanaa tangu asubuhi na bado narudi nyuma! Natafuta upenyo wa kukimbia. Ukianza kuongea huna breki, kaka!"

Kazi akapewa yeye. Iliniuma, sitadanganya.

Nikapanda basi la Kilosa, kimya njia nzima. Abiria wa pembeni yangu hakusogea hata kidogo.

Ladha ilirudi baada ya siku kumi na mbili. Kazi haikurudi.

Wakuu, kabla hujautibu mdomo, jaribu kwanza kuufunga.