Tofauti Ileile katika Kila Mstari

Kwanza nieleze mambo yalivyokuwa kabla ya jedwali lile kufika mezani pangu.

Chuo chetu kilikuwa na matawi matatu, na katika kila tawi palikuwa na kompyuta moja kubwa ya kukokotoa. Moja ilikuwa Musoma, katika chumba kilicho nyuma ya ofisi yangu. Ya pili ilikuwa Butiama. Ya tatu ilikuwa Bunda, nayo ilikaa imezimwa muda mwingi kwa sababu kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa. Zote tatu zilikuwa chini yangu. Nilikuwa Mkurugenzi wa TEHAMA, cheo nilichokipata kama walivyokipata wengi wa rika langu: nilikuwa mkemia, nikahitaji kompyuta kwa ajili ya kemia yangu, nikajifunza kuzitengeneza kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuzitengeneza, na siku moja barua ya uteuzi ikaja. Kemia sikuiacha. Niliendelea kusimamia mwanafunzi mmoja au wawili wa uzamili kila mwaka.

Kemia yangu haina mirija wala moto. Molekuli huandikwa kama orodha ya mahali zilipo atomu zake, kompyuta hukokotoa nishati yake kwa saa kadhaa au siku kadhaa, na jibu hutoka likiwa namba moja yenye tarakimu nyingi. Anayetaka kudanganya katika fani hii hahitaji maabara, kibodi inamtosha. Msimamizi aliyenilea alikuwa akirudisha kila jedwali langu na neno moja tu pembeni, kwa wino mwekundu: Thibitisha. Sikumbuki kama aliwahi kuniambia kwamba ameridhika.

Katika ukurugenzi nilikuwa nimeweka kanuni mbili. Ya kwanza ilisema kwamba programu mpya ziwekwe katika mashine moja baada ya nyingine, kuanzia Butiama, ambako watumiaji walikuwa wachache. Ya pili ilisema kwamba ombi lolote la msaada likimaliza siku kumi na nne bila kujibiwa lijifunge lenyewe, na mwombaji atumiwe ujumbe: “Ombi lako limeshughulikiwa,” na chini yake cheo changu. Niliitunga kanuni hii baada ya uongozi kulalamika kwamba maombi yaliyo wazi ni mengi mno. Tangu hapo hayakuwa mengi.

Mwanafunzi wangu wa mwaka ule alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Bunda, mama wa makamo, mwenye mwandiko wa duara na swali moja kila kikao. Mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, yenye kikomo mwishoni mwa Juni. Akirudi kazini bila shahada, asingepewa ruhusa ya namna hiyo mara ya pili. Utafiti wake ulihusu magamba ya sangara, yale yanayorundikwa nyuma ya viwanda vya samaki vya Musoma. Aliuliza kama kitu kinachotolewa katika magamba hayo kinaweza kunasa zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukusanyia dhahabu kisha ikaenda na maji. Alikuwa na molekuli kumi na mbili za kukokotoa, kila moja ikiwa na atomu moja ya zebaki. Alizikokotoa Musoma. Nami nikamwambia azirudie zote Butiama, ili tuthibitishe.

Jedwali la pili lililetwa mwezi wa tatu. Nililiweka kando ya la kwanza na kushuka nalo mstari kwa mstari. Kila namba ya Butiama ilikuwa chini ya ile ya Musoma. Hilo peke yake lisingenishtua. Kilichonishtua ni kwamba tofauti ilikuwa ileile katika mistari yote kumi na miwili, ikilingana hadi tarakimu ya pili baada ya nukta. Ndivyo jedwali linavyokuwa mtu akichukua namba za zamani, akapunguza kiasi kimoja katika kila mstari, akabadilisha tarakimu za mwisho ili lisionekane limenakiliwa.

Sikumuuliza. Nilifunga mlango, nikaingia katika mashine ya Butiama kwa mamlaka ya cheo changu, nikafungua mafaili yake. Kila ukokotoaji ulikuwapo, na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na majibu yaliyolingana na jedwali. Yangekosekana, ningesema hakukokotoa. Kwa kuwa yalikuwapo, nilisema yamepangwa vizuri mno kwa mwanafunzi. Nikaanza kumfikiria fundi wa Butiama, ambaye peke yake, ukiniondoa mimi, aliweza kuandika faili katika akaunti ya mtu mwingine.

Siku ya pili yake niliendesha gari hadi njia panda ya Makutano, nikakata kuelekea Butiama. Fundi alinipokea mlangoni akicheka.

“Shikamoo, Mkuu. Leo hujapiga hata simu!”

“Marahaba. Nimekuja kuangalia mashine.”

“Mashine au mtu?”

Nilimuuliza yule mwalimu wa Bunda alifika pale siku gani.

“Madamu? Alikuwaga anakuja Jumamosi. Anakuja na daftari lake na viazi.”

“Viazi vya nini?”

“Vya kula, Mkuu.”

“Alikupa wewe?”

“Sasa angempa nani, mashine?”

Niliandika katika kijitabu changu kwamba fundi amepokea viazi. Kisha nikamuuliza kama alimpa mwanafunzi huyo nywila yake. Kicheko kikamwisha.

“Mkuu, mimi nina watoto wanne. Nywila yangu hata mke wangu haijui.”

“Hakuwahi kulalamika chochote?”

“Alisema namba zimeshuka. Nikamwambia andikia Musoma. Si ndiyo utaratibu wako?”

Nililisikia jibu hilo vizuri. Kijitabu ninacho hadi leo. Nililoliandika humo ni maneno matatu: Fundi anamtetea mwanafunzi.

Nilirudi Musoma, nikaandika barua kwa Kamati ya Masomo ya Uzamili, kurasa mbili, nikieleza kwamba kuna ushahidi wa awali wa kubuni matokeo. Kanuni ilitaka mtuhumiwa akabidhiwe nakala mkononi. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na karani. Niliipeleka mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kuuona uso wake wakati anaisoma.

Nilimkuta shuleni kwake Bunda, katika ofisi ya walimu. Alikuwa amekwenda kusaidia kusahihisha mitihani, ingawa ruhusa yake haikumlazimu. Mwenzake mmoja aliiona bahasha kabla yake.

“Madamu, umepata mgeni! Hiyo ni posa au uhamisho?”

“Kama ni posa, mwambie alete na ng’ombe,” alijibu bila kuinua kichwa. Alipoinua na kuniona, alisimama. “Shikamoo, Dokta. Samahani, hawa ndivyo walivyo. Karibu, kaa.”

Nilikaa. Aliisoma barua yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, kisha akarudia wa kwanza. Alifungua mkoba, akatoa daftari la kaunta, akaligeuza kuelekea kwangu na kuweka kidole chini ya mstari mmoja. Aliandika humo kila ukokotoaji: siku, mashine, saa, jibu. Mstari ule ulisema kwamba molekuli ya kwanza ya Butiama imetoa nishati iliyo chini ya ile ya Musoma, kwamba amerudia mara tatu na kupata vilevile, na kwamba ameandika ombi kwenye dawati la msaada. Namba ya ombi ilikuwa pembeni.

“Nilikuuliza, Dokta,” alisema. “Na ulinijibu.”

Akanionyesha simu. Ombi lako limeshughulikiwa. Chini yake, cheo changu.

“Nikajua umeangalia, ukaona ni sawa. Ndiyo maana nikaendelea na zile kumi na moja.”

Nilitazama tarehe ya ombi lake. Lilikuwa limeandikwa Jumamosi ya kwanza baada ya wiki niliyosaini programu mpya iwekwe Butiama, na hapo nikaelewa. Zebaki ina elektroni themanini. Programu zetu hazizikokotoi zote. Zile za ndani huwakilishwa na faili lililoandaliwa tayari. Toleo jipya lilikuja na faili tofauti kwa zebaki. Kila molekuli yake ilikuwa na atomu moja tu ya zebaki, hivyo kila nishati ilishuka kwa kiasi karibu kilekile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fani hii angeweza kunieleza hayo. Mimi nilisaini toleo lile kama mkurugenzi bila kusoma maelezo yake, kisha nikayatazama matokeo yake kama askari.

“Ni kosa langu,” nilimwambia.

“Basi irudishe barua.”

“Imekwisha kwenda kwa Kamati. Siwezi kuiondoa, ni lazima wakae.”

“Watakaa lini?”

Nilimwambia tarehe haijapangwa. Alizikunja kurasa mbili zile, akazirudisha katika bahasha, akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikanywa.

Kamati ilikaa mwanzoni mwa Julai. Nilisimama na kueleza kwamba barua yangu haina msingi. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani yake.

“Dokta, wewe hapa ni mlalamikaji au ni shahidi wa mtuhumiwa?”

“Vyote viwili.”

“Chagua. Fomu ya katibu ina nafasi moja.”

Nikachagua cha pili. Walimfutia tuhuma. Lakini ruhusa yake ilikuwa imekwisha siku chache kabla, na alikuwa amesharudi darasani na vipindi kamili.

Limebaki jambo moja, nalo sipendi kulieleza. Baada ya Kamati, na baada ya kujua yote niliyoyajua, nilizichukua molekuli zake kumi na mbili na kuziweka katika mashine ya Musoma, iliyokuwa bado na toleo la zamani, zikokotolewe upya kwa jina langu. Nilijiambia kwamba ni utaratibu. Foleni ya mashine, hata hivyo, huonekana na kila mtumiaji. Alipiga simu siku hiyohiyo, saa ya mapumziko. Niliwasikia wanafunzi wake uwanjani.

“Dokta, naona molekuli zangu kwenye foleni. Zina jina lako.”

“Nathibitisha tu.”

“Thibitisha,” alisema. “Majibu yakitoka, niandikie kwenye dawati la msaada.”

Majibu yalitoka baada ya siku tisa. Yote kumi na mawili yalilingana na yake ya Musoma. Kabla sijamwandikia, ofisi ya masomo ilinitumia nakala ya barua yake akiomba msimamizi mwingine. Sababu hakuiandika, nao hawakumuuliza.

Aliikokotoa atomu ya zebaki peke yake kwa faili jipya, akaitoa nishati yake katika kila namba ya Butiama, akafanya vivyo hivyo kwa zile za Musoma na faili la zamani, na majedwali yake mawili yakakubaliana. Alitetea tasnifu yake mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine zote alikuwa akifundisha. Alifaulu, akapewa masahihisho madogo. Mimi sikuwapo, msimamizi wake mpya alikuwa amemwomba Mwenyekiti nisialikwe, na Mwenyekiti alikubali.