Chai ya Samarkandi

Baba yangu, Yunus, mpishi wa Buhembe, aliwahi kufika Samarkandi. Mwaka 1935 daktari Mwingereza aliyemwajiri alisafiri naye kwenda kutazama majengo ya kale, na siku moja akamwacha atembee peke yake.

Aliona misikiti yenye makuba ya buluu kama ziwa letu lilivyotulia kule Bumbire. Lakini tukimwuliza habari za makuba, yeye hurukia habari za chai. Mzee mwenye mkahawa alimkaribisha, akammiminia bakulini chai isiyofika hata nusu. Baba akanuna. Kwetu mgeni hujaziwa. Ukimpa nusu umemdharau. Akalisukuma bakuli, akaashiria lijazwe. Mzee akacheka, akamwita mtu aliyejua Kiingereza kidogo amweleze: huko mgeni anayependwa humiminiwa kidogo kidogo, ili akae. Ukimjazia, umemwambia aondoke.

Baba alirudi na desturi hiyo, na hakumweleza yeyote asiye wa nyumba yetu.

Miaka kumi na mitano baadaye Uledi, karani kutoka Muleba, alikuja kujitambulisha. Alitaka kunioa, nami nilimtaka. Baba alimsikiliza kwa upole, akatabasamu, kisha akamjazia kikombe mpaka chai ikamwagikia kwenye kisahani.

"Asante sana, mzee wangu," Uledi akasema kwa furaha.

Nilikichukua kikombe, nikamwaga nusu dirishani, nikakirudisha mbele ya Uledi huku nikimkodolea baba macho.

Uledi akanuna.

Baba akacheka.

"Haya, Zuena," akasema. "Mweleze."