Gololi Isiyoanguka

Baba yangu aliiweka rehani miraa yetu ya Laare, shamba zima, kwa jirani kijana, ili anunue mashine tatu za umeme za kuchezea gololi kwa shilingi. Zilitoka Embu, kwenye hoteli iliyotaka kuziondoa kwa sababu wateja wote walikuwa wamehamia chumba cha video. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya baba yalikuwa ya kupamba uso tu. Aliona hivi: vijana wa miraa wana pesa mfukoni, na mchana wakishauza hawana kazi. Mashine zingemeza shilingi zao, shilingi zingekomboa shamba, na mama angeacha kununa.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina pa kwenda, nikawekwa mlangoni kuwachenjia watu noti.

Mtu wa Embu hutia shilingi, akapiga kidogo vile vibao viwili vya chini vya kuirudisha gololi juu, gololi ikaanguka, akatia shilingi nyingine. Mtu wa Laare huja na miraa yake, njugu na chingamu shavuni, na ikishampanda kichwani hachoki, hapepesi, wala njaa haisikii. Gololi haianguki. Baba alizaliwa papo hapo Laare, akalisahau hilo. Shilingi moja ilimshikilia mtu mpaka jioni, na waliochoka kungoja zamu wakaenda zao kutazama video.

Hodari wao alikuwa jirani yetu, na alitafuna miraa yetu. Kila akifika alimchagulia baba vijiti vizuri, akampa kwa mikono miwili. Baba alipokea na kushukuru. Nilimchukia yule kijana, na baba nilimchukia zaidi.

Baba akaweka mawe chini ya miguu ya nyuma ya mashine ili gololi iteremke kwa kasi. Wakaizoea kasi hiyo, wakaifurahia. Ndipo siku moja, jirani akiwa katikati ya mchezo na watu wamemzunguka, baba akang'oa waya ukutani. Taa za mashine zikazimika.

"Mzee," jirani akasema bila hasira, "na shilingi yangu? Hiyo gemu haikuwa imeisha."

Baba akapiga magoti, akafungua kisanduku, akamrudishia. Walicheka mpaka wengine wakatema miraa. Mimi pia nilicheka.

Hakuna aliyerudi kucheza. Fundi mmoja wa Kianjai alizichukua mashine kwa bei ya vyuma, na msimu wa kukomboa ulipofika baba hakuwa na pesa. Shamba likabaki kwa jirani.

Mama hakugombana na baba. Alianza kutoka alfajiri na kurudi na unga, mafuta, hata nyama. Baba akauliza vinatoka wapi.

"Nafunga miraa kwa jirani," mama akasema. "Ameuliza kama wewe bado unaweza kupanda juu ya mti kuchuma. Nimemwambia utaanza kesho."

Baba akanawa mikono, akala.