Washa ya Kandambili

Mshonaji hakuwa mtu wa kinyongo hadi siku mama yake alipoanguka jikoni. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa kutaniana na kila mteja, wa kupunguza sare za watoto bure na kusahau ugomvi kabla chai haijapoa. Baada ya siku ile alianza kuweka kinyongo kama wengine wanavyoweka akiba, na kikazaa.

Kisa kilianza na koki ya jikoni iliyokuwa ikivuja. Alimwita fundi bomba wa mtaa, bwana mrefu mwenye mfuko wa vifaa begani na mdomo usiochoka. Fundi akafungua koki, akachokonoa mle ndani, akafunga, akasema imepona. Jioni haijafika, koki ikaanza tena, tone kwa tone, na maji yakatandaa kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Mama yake, bibi mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno, aliingia kuchukua birika. Akateleza, nyonga ikavunjika.

Hilo lenyewe pengine angelisamehe, maana ajali haina kinga. Kilichomkaa kooni ni maneno ya fundi alipokuja kutoa pole. Alisimama mlangoni, akaitazama koki yake ikidondosha, akasema, "Maji ya siku hizi haya, dada, yanakula kila kitu. Na wazee nao, unajua tena. Wakifika umri huo wanaanguka tu."

Eti wanaanguka tu! Mshonaji alikuwa na mkasi mkononi, na ni Mungu peke yake aliyemfanya auweke mezani.

Fundi alipoondoka, alifunga maji nje kwenye koki kuu, akaazima spana kwa jirani yake dereva wa teksi, akaifungua koki ya jikoni mwenyewe. Mtu aliyezoea kufungua cherehani na kuirudisha hatishwi na koki. Ndani alikuta washa, kile kiduara cha mpira kinachoziba maji. Ilikuwa ya buluu, laini, imeliwa ukingoni, na juu yake ilikuwa na mistari ya kupindapinda. Aliigeuza kwenye mwanga akaitambua. Ilikuwa soli ya kandambili.

Hapo akaelewa, au alidhani ameelewa. Ndiyo maana mtaa mzima ulikuwa unamwita fundi yule kila mara kwa koki zilezile! Anaweka takataka kusudi, ili aitwe tena. Aliitia washa ile kwenye kopo la vifungo, akaomba kwa dereva kipande cha tyubu kuukuu ya gari, akakata nyingine kwa mkasi wake mbovu. Koki ikanyamaza kimya.

"Huyu nitamla mzima," alimwambia mama yake kitandani.

"Mle na mifupa," bibi akajibu. "Na umwambie nyonga yangu haina vipuri dukani."

Kisasi chake hakikuwa cha makelele. Mteja akija kuchukua gauni, Mshonaji anamuuliza koki yake ikoje, na kabla mtu hajamaliza kujibu wameshafika kwake na spana. Aliwafundisha kukata washa za tyubu. Aliwaonyesha kwamba mlango uliolegea bawaba unahitaji njiti za kiberiti tu: unazishindilia kwenye tundu la skrubu, unakaza upya. Tangi la choo linalomwaga maji mchana kutwa, unapinda kidogo ule mkono wa boya. Hata dereva wa teksi, ambaye gari lake lilikuwa linasukumwa kila asubuhi, alimwambia amwagie vichwa vya betri maji ya moto na magadi, avisugue, na gari likawaka kwa mara moja. Hilo alilisoma kwenye gazeti la kufungia vitambaa, lakini hakusema. Kila somo lilimalizika kwa swali lilelile.

"Na kwa hiki kidogo ulikuwa unamwita yule?"

Akambandika na jina, Fundi Tone. Watoto wakalidaka, likazunguka mtaa likiwa na miguu yake lenyewe.

Kutoka dirishani, kwenye cherehani, alimtazama fundi akipita na mfuko begani na kurudi mapema. Baadaye mfuko ukabaki nyumbani, fundi akawa mtu wa kucheza drafti barazani mwa duka. Mshonaji alikuwa anafurahi, tena waziwazi. Lakini kila alipomsikia mama yake akijikokota kwenda chooni, kiganja kikiparuza ukutani kutafuta pa kushika, furaha ilikuwa haitoshi. Alitaka zaidi.

Zaidi ikaja na miguu yake. Mke wa fundi aliingia na sketi isiyohitaji kushonwa, akaangalia nyuma, akanong'ona. "Dada, naona aibu. Koki ya kwetu inavuja, na mume wangu ameitengeneza hadi nimechoka. Njoo, hayupo sasa hivi."

Mshonaji alimtanguliza mlangoni, kisha akafungua kopo la vifungo, akaitia mfukoni ile washa ya buluu. Kilichotoka kwa fundi kingerudi kwa fundi. Sakafu yake nayo ilowe, nyumba yake nayo ionje.

Jiko la fundi lilikuwa na beseni chini ya koki na gunia lililoloa sakafuni. Mshonaji alifunga maji, akafungua koki, akaingiza kidole. Kilichotoka kilikuwa cha kijani, laini, chenye mistari ya kupindapinda. Akainua macho. Juu ya dirisha palikuwa na kandambili ya kijani, imetobolewa viduara viduara kama chapati iliyochezewa na mtoto.

"Unafanya nini kwangu?" Fundi alikuwa amesimama mlangoni.

"Hii uliikata wewe? Ukaiweka kwenye koki ya mkeo?"

"Ndiyo. Inakatika vizuri. Ndivyo nilivyofundishwa kazi." Akalitazama beseni kwa huzuni. "Haidumu tu. Maji ya siku hizi."

Aliyasema kwa uso wa mtu anayeyaamini, na Mshonaji akatamani kulia kwa hasira. Muda wote huu alikuwa amemchukia mwizi, na mwizi mwenyewe hakuwepo. Palikuwa na mjinga mrefu mwenye spana. Mwizi unaweza kumkomoa, lakini mjinga utamfanya nini?

Akaitoa ile ya buluu mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha fundi. "Hii ndiyo iliyomwangusha mama yangu."

Fundi aliigeuza, akaiweka sambamba na ya kijani. Akakaa juu ya ndoo. Akasema, "Na mimi nikasema ni umri."

"Ulisema."

Mshonaji alikata washa ya tyubu, akaifunga, akaondoka bila kuaga. Asubuhi fundi akaja kwao mwenyewe, kofia mkononi.

"Nasikia hukukusudia," bibi alimwambia kutoka kitandani.

"Sikukusudia, mama."

"Umeniharibia. Nilikuwa nakuchukia vizuri tu." Bibi akamnyooshea kidole. "Nifungie bomba ukutani, kutoka hapa hadi chooni, nipate pa kushika. Na nisione kandambili."

Alifanya kazi hiyo hadi alasiri, na Mshonaji hakumpa hata maji ya kunywa. Alipokuwa anafunga mfuko wake, Mshonaji alichukua bisibisi, akapita ukutani kote mbele ya macho yake, skrubu moja moja, akiikaza upya kila moja. Fundi alimtazama, akainamisha kichwa, akatoka.

"Zimelegea?" bibi akauliza.

"Hapana," akasema Mshonaji, na akaendelea kukaza.