Anga Inaishia Wapi

Harufu ya dagaa wakavu ikinifikia sokoni, namkumbuka mama akinishika mkono tukivuka mpaka wa Busia, safari yangu ya kwanza. Nilidhani Uganda inaishia kwenye ukuta, kumbe udongo wa upande wa pili ulikuwa uleule.

“Mama, Kenya ikiisha kuna nini?”

“Kuna bahari.”

“Na bahari ikiisha?”

“Kuna nchi zingine.”

“Na anga nayo, inaishia wapi?”

Mama alisimama. Akatua beseni la dagaa alilobeba kichwani, akatazama juu huku wachuuzi wakitupita kwa kutusukuma.

“Sijui, mwanangu. Kama ina mwisho, nyuma ya huo mwisho kuna nini?”

Niliogopa kidogo, kisha nikafurahi. Hakuwa amewahi kuniuliza jambo ambalo hata yeye hakulijua.