Tulipogongewa Mlango Toongabbie

Asubuhi moja, kabla hatujaanza kufungiwa ndani, Mzee Emil alikuwa akinifokea kwa ajili ya popo. Redio ilikuwa imesema huenda ugonjwa wa korona umetoka kwao.

"Popo wamemkosea nani, Mama Divine? Wanakula matunda, wanalala!"

"Mzee, kunywa chai."

"Chai gani hii? Maziwa matupu."

Alikuwa baroni, cheo cha kurithi cha Kizungu, mtoto wa ukoo wa wenye benki huko Ulaya. Hapa Sydney alikuwa na benki yake, na kwa miaka mingi aliongoza jumuiya ya Wayahudi. Lakini moyo wake ulikuwa kwa popo. Ujanani aliwafuata hadi kwenye mapango ya Tanga, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, mimi Mrundi niliyekiokota kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Nikisema "popo hii", anasimamisha kila kitu: "Popo huyu!" Uzeeni alihamia Toongabbie, magharibi mwa jiji penye popo wengi, awe karibu nao, nami nikaajiriwa kumtunza. Alinichosha, sitaki kudanganya.

Mwaka wa pili wa korona, mlezi mwenzangu akapatikana nayo. Tukaamriwa, mimi na mzee, tusivuke mlango. Mitaa yetu ya magharibi ilijaa polisi, na pamoja nao wanajeshi. Eti wanatusaidia.

Mchana, mlango ukagongwa. Nikachungulia.

Sare za jeshi.

Kule Burundi waligonga vilevile. Kaka yangu Audace akaenda kufungua. Tulimsikia akiwasalimia. Kisha risasi.

Nikajibanza nyuma ya mashine ya kufulia. Nikamsikia mzee akijikokota kuelekea mlangoni. Nilitaka kumwita.

Nikavuta kapu la nguo mbele yangu.

"Tupo wawili, hatujatoka, na mnakanyaga maua yangu!" alifoka kwa Kiingereza.

Kijana mmoja akaomba radhi. Wakaondoka.

Mzee akanikuta pale sakafuni. Alikaa juu ya kapu la nguo, akahema.

"Kwetu Ulaya askari walikuja nikiwa mtoto, wakisaka Wayahudi," alisema. "Baba akawaandalia kahawa. Baba, mtu mwenye adabu zake! Wakanywa, wakamchukua yeye na mama. Tangu hapo mwenye sare simkaribishi. Namgombeza."

Siku chache baadaye akaanza kukohoa. Hospitali haikuniruhusu kuingia. Akafia huko, na binti yake yuko ng'ambo, mipaka imefungwa.

Serikali iliruhusu waombolezaji kumi tu makaburini. Na sala ya wafu ya Wayahudi haisomwi bila wanaume kumi. Nilikuwa nimeshavaa gauni jeusi, nimefika getini, bwana mmoja wa sinagogi akanijia, macho chini.

"Mama, umekuwa naye kuliko sisi sote. Lakini ukiingia wewe, wanaume tutabaki tisa."

Nilitaka kupiga kelele. Huyu ana amri yake, yule ana sheria yake, na wote wananiomba mimi nielewe!

"Haya, ingieni," nikasema.

Nikasimama nje ya ua, barakoa imelowa. Sikuelewa neno hata moja, ila waliisoma sala kwa sauti, wote pamoja, hadi mwisho.

Audace hatukumzika. Tulitokea mlango wa nyuma, tukamwacha pale alipoanguka. Mzee Emil alizikwa na watu wake, akaombewa kama alivyotaka. Nikiwapima wawili hawa, najua mzee alipata zaidi. Najua kabisa. Lakini sikumuaga yeyote kati yao, na hakuna aliyenieleza hilo nalo nilielewe vipi.