Keki ya Machungwa ya Bwana Stesheni wa Bukene

Siku ya kwanza nilipoingia jiko la nyumba ya wageni pale Tabora, Mpishi Mkuu aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho. "Marahaba. Lete vidole nivione." Alivikagua, akanipa karai la machungwa.

Mzee huyo wa mtaa wa Mtendeni, Mwislamu wa kweli, ndiye aliyenifundisha kuoka. Tanuri letu lilikuwa debe: makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Alinifundisha kukuna ganda la chungwa na kukomea kwenye rangi, kwa kuwa ule weupe wa ndani ni mchungu. Hamira ilipoadimika, unga tuliuumua kwa wanzuki, pombe ya asali waliyotengeneza akina mama majumbani. Hapo mzee alitoka nje.

"Hiyo shughuli yako, Petro, wewe Mkristo," alisema akiwa mlangoni. "Mimi nitakuelekeza kwa mdomo. Ngoja povu lipande ndipo umimine."

Mwaka wa tatu nilihamishiwa Bukene, kwenye reli ya Mwanza, nimpikie Bwana Stesheni, mkuu wa stesheni ya pale. Alikuwa Mgoa aliyefiwa na mkewe karibuni. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya reli, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Alikuwa hali chakula, koti la kazi linamning'inia mwilini.

"Marehemu alikuwa akioka keki ya machungwa kwa pombe," aliniambia. "Jaribu."

Nilijaribu mara tatu. Kila mara alionja, akasukuma sahani. "Nzuri. Lakini siyo."

Mara ya nne, mchana wa jua kali, nilipaka bati samli, nikaliacha mezani, nikageuka kuchochea makaa. Nilipogeuka tena, ndani ya bati, juu ya samli, palikuwa na majani matatu ya mlimau, mabichi, yamepangwa vizuri. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Nilitaka kuyatupa, ila mkono ulikataa. Nikamimina unga juu yake.

Bwana Stesheni alipoonja, uma ulimtoka mkononi.

"Nani amekuambia habari ya majani?"

"Hakuna, Bwana."

Alilia, kisha akala mpaka akamaliza. Nilifurahi, nikidhani amepona.

Kuanzia hapo alitaka keki hiyo kila Jumapili, na majani nilikuwa nikiyakuta yamekwisha kupangwa. Akaagiza sahani ya pili, ya kiti kilicho kitupu. Chakula kingine akakiacha kabisa. Treni ikapiga honi yeye yumo ndani, anaongea na kile kiti, anacheka, ananyamaza kusikiliza. Jumapili moja nilipoondoa vyombo, kipande cha sahani ya pili kilikuwa kimeng'atwa. Bwana alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani. Aliniambia kwa furaha, "Anasema karibu tutaondoka wote."

Nikaweka sahani chini. "Bwana, keki hii sitaoka tena."

"Basi huna kazi."

"Sawa, Bwana."

Nikapanda treni ya Tabora na sanduku langu.

Miezi ilipita. Siku moja, pale stesheni ya Tabora, Bwana Stesheni aliniita kutoka dirishani mwa behewa, amehamishwa, anaelekea pwani. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Tangu uondoke hakuja tena," alisema. "Nimejaribu kuoka mwenyewe. Hakuja." Akanishika mkono kwa nguvu. "Uliniokoa, Petro. Sijakusamehe."

Nilipika kwingine miaka mingi, mpaka Usinge kwenye reli ya Kigoma, hadi macho yalipodhoofika nikastaafu. Wajukuu wakiniuliza kazi ya upishi ni nini, nawaambia ni kumfanya mtu ale. Wanaona ni jambo jepesi. Mimi namkumbuka mtu aliyekula kwa mkono wangu, kisha nikamwachisha, nikamwacha hai na peke yake. Bibi yao, yaani mke wangu, alipotangulia, ndipo nilipoelewa nilichomnyima Bwana Stesheni.